Maganda Manne ya Mjomba Deo

Kila anayekuja kwangu Kilburn, hapa London, huuliza mambo mawili. La kwanza ni kodi ninayolipa, na hilo silijibu. La pili ni lile ganda jekundu la risasi lililo kwenye dirisha la jikoni, ambamo mke wangu anaweka vijiti vya meno. Nimeshasimulia vipande vipande harusini, kanisani na mara moja ndani ya basi. Sasa nasikia yanazunguka masimulizi matatu tofauti, na katika moja tulilala rumande. Hatukulala rumande. Nimeamua kukaa niandike yote kwa mkupuo mmoja, na nikimaliza nitasoma tena kuhakikisha sijaongeza kitu.

Kilburn hadi Hounslow

Mjomba Deo ni kaka wa mama yangu, mkulima wa mpunga upande wa Kilombero. Alikuja London kwa ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Consolata anayefanya kazi uwanja wa ndege na kuishi Hounslow. Ubatizo ulipita salama. Jumamosi iliyofuata Consolata akanipigia simu.

"Kaka Festo, njoo umchukue baba. Anataka kwenda dukani na mimi niko kazini."

"Duka gani?"

"Atakwambia mwenyewe. Mimi hapa nilipo nimezungukwa na watu wa usalama, siwezi kulitamka."

Treni ya chini ilikuwa haifanyi kazi, kama kila Jumamosi nikiwa na haraka. Waliweka basi la badala yake, nalo likatuzungusha hadi nikaliona duka moja la kuku wa kukaanga mara mbili. Nilimwambia dereva kwamba kama tunapita mtaa mmoja mara mbili, basi nauli na iwe nusu. Akaniuliza kama najisikia vizuri.

Nilimkuta Mjomba amekaa sebuleni, koti limefungwa vifungo vyote, tai shingoni, na mapajani ana kopo la majani ya chai. Nikamwamkia. Akaitikia, akafungua kopo. Ndani mlikuwa na maganda manne ya risasi, mekundu, matupu, yamefungwa kwa leso kama mayai.

Niliyahesabu. Nikayahesabu tena.

"Mjomba, haya yamepitaje uwanja wa ndege?"

"Yalikuwa kwenye sanduku kubwa, chini ya dagaa. Nadhani hakuna aliyetaka kufika chini."

Sasa nieleze, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Kijijini kwao Mjomba ndiye peke yake mwenye kibali cha bunduki, bunduki kuukuu ya marisau aliyorithi, na kazi yake ni kuwazuia nguruwe pori wasimalize mpunga wa watu. Kwa mwaka anaruhusiwa kununua risasi nne. Afande wa kituo huzitia kila moja nukta kwenye kitako, kwa rangi ya kucha ya mke wake, ya waridi. Mwaka ukiisha, Mjomba hupeleka maganda manne yenye nukta ndipo apewe kibali cha nne nyingine. Pungufu ya moja, hakuna kibali.

"Ni kama kreti la soda," alisema. "Huna chupa tupu, huna soda."

Kufikia hapo nilikuwa namwelewa. Lakini bunduki yake imechongwa neno London kwenye chuma, na Mjomba alikuwa amelala na hilo neno miaka mingi.

"Festo, hapa ndipo depo. Sisi kule tuko kwenye rejareja. Depo hawawezi kukunyima. Nawapa tupu, wananipa zilizojaa."

"Na nukta ya afande?"

"Rangi ya kucha haiuzwi London?"

Nilimweleza kwamba hapa risasi haziuzwi kwa mtu anayepita njia, na kwamba akibeba hata moja kwenda nayo uwanja wa ndege, Consolata atapoteza kazi kabla ya chai. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akasimama na kopo lake. Nikajua mjomba hakatazwi na mpwa. Akatazwe na mwenye duka mwenyewe. Turudi na maganda yetu manne, ampelekee afande, yaishe. Mpunga ulikuwa unakaribia kuchanua, na nguruwe hawana habari ya mambo ya ubatizo.

Hounslow hadi Thornton Heath

Duka lenyewe la bunduki liko nje kabisa ya jiji, vilimani, mahali ambapo basi halifiki. Mwenye gari niliyemjua upande huo ni Njoroge wa Thornton Heath, anayelea wazee kwenye nyumba ya kutunzia. Kwa hiyo ilikuwa lazima kwanza tukate London kutoka pembe hadi pembe, na tukaikata kwa mabasi.

Mjomba alimsalimia kila aliyepanda. Walioitikia niliwahesabu: mmoja, na huyo alikuwa anaongea na simu. Halafu akaanza kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea kuvuka shamba, jinsi risasi ya tatu ilivyompata nguruwe begani, na ya nne jinsi alivyoipiga hewani kumtisha kiboko.

"Risasi ile, Festo, ililia buuu!"

Mama mmoja wa viti viwili nyuma, mwenye sare za kazi ya kutunza wagonjwa, akainama mbele.

"Mzee wangu," alisema kwa Kiswahili cha Nairobi, "hiyo stori ya risasi, tafadhali ongea pole pole. Hii basi iko na kamera sita."

"Unaniambia mimi nipunguze sauti, binti yangu, au nguruwe?"

"Wote, mzee. Wote."

Nilizihesabu kamera. Zilikuwa saba, lakini sikutaka kumsahihisha mtu mwema.

Njoroge alikuwa ametoka shifti ya usiku, macho mekundu kama maganda yetu. Tulimkuta kwa mama mmoja wa Kikongo anayepika samaki chumba cha nyuma cha duka la nywele. Nilipomweleza safari, akaweka kijiko chini.

"Festo. Unataka mimi, na hii sura, nipeleke watu wawili Waafrika kwa duka la bunduki, kijijini, Saturday?"

"Ndiyo maana nimekuja na mzee mwenye tai."

Akamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa anamtenga samaki na mifupa yake kwa utulivu wa padri.

"Sawa. Lakini mimi sishuki kwa gari. Na samaki ni juu yako, na yule wa pili pia."

"Wa pili umeshamla?"

"Nitamla."

Tukakubaliana samaki mmoja na nusu. Mama Mkongo alikataa kukata samaki, hivyo nikalipa wawili, na nusu iliyobaki akaila Mjomba.

Thornton Heath hadi vilimani

Nyumba ziliisha ghafla, kama mtu aliyekatizwa maneno. Barabara ikawa nyembamba, miti pande zote, na mbele yetu trekta lililokuwa halina haraka na maisha. Nyuma ya trekta tulikaa muda wa kutosha Mjomba kuitambua aina yake, kasoro zake na bei yake Ifakara. Kisha tukakutana na wanawake wawili juu ya farasi. Njoroge akasimamisha gari, akazima injini, akakunja mikono kama yuko ibadani.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Hawa farasi wako na haki kuliko mimi."

Tulipofika kwenye bango la duka, Njoroge aliegesha chini ya mti, akalaza kiti na kulala. Yaliyofuata yote hakuyaona, na mpaka leo haamini hata moja.

Dukani

Muuzaji aliitwa Keith, mtu mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja ambako watu hurushiwa visahani vya udongo hewani wakavipiga risasi, na tulisikia pa-pa, pa-pa, bila kukoma. Mjomba alisikiliza milio ile kwa uso wa mtu anayeona watu wakimwaga maziwa.

Hakungoja mimi nianze. Alifungua kopo, akafungua leso, akayapanga maganda manne juu ya meza, kitako chini, mstari mmoja.

Uso wa Keith uliangaza.

"Asante sana!" alisema. "Wengi huyaacha tu kwenye nyasi."

Akayakusanya kwa kiganja kimoja, akayatupa kwenye ndoo iliyojaa maganda. Akaibeba ndoo hadi mlango wa nyuma, akaimwaga, akarudi akijifuta mikono. Yote hayo kabla sijafunga mdomo.

Mjomba alikunja mikono juu ya meza, akangoja.

Keith naye akangoja.

"Anangoja nini?" Keith akaniuliza mwishowe.

"Anangoja zilizojaa," nikasema.

Sikumlaumu yeyote. Kwa Keith, mzee amerudisha taka. Kwa Mjomba, amekabidhi chupa, sasa ni zamu ya soda. Nilipomfafanulia, Keith alishusha miwani ya kichwani, akawa na miwani miwili machoni.

"Ana cheti cha kumiliki bunduki hapa nchini?"

"Anacho cha kwao."

"Basi siwezi."

Hapo nikafanya kazi niliyoitiwa, maana Mjomba ananitazama. Nikasema huyu ni mteja wa zamani, bunduki yake imetoka London. Siwezi. Nikasema basi mbili. Siwezi. Moja, ya mfano tu, hata iliyovunda. Nikafanya ninachofanya Kariakoo: nikaguna, nikamgeuzia mgongo, nikatembea taratibu kuelekea mlangoni huku masikio nimeyaacha nyuma. Kariakoo hufiki kizingitini hujaitwa. Nilifika kizingitini. Nikatoka nje. Nikasimama kwenye kokoto, nikasoma mara mbili tangazo la kufunga mbwa. Hakuna aliyeniita. Nikarudi ndani.

"Ungeniuzia hata moja?" nikamuuliza Keith.

"Hapana, hata moja. Nikiuza moja leo bila cheti, kesho hili duka si langu."

Nikamtafsiria Mjomba. Alitikisa kichwa polepole, na, niseme kweli, kwa heshima.

"Kumbe depo nao wana afande wao," alisema. "Sawa. Basi anirudishie chupa zangu."

Keith alitupeleka mlango wa nyuma. Palikuwa na gunia moja, la aina ile wanayobebea mchanga wa kujengea, refu hadi kifuani kwangu. Lilikuwa limejaa maganda. Mekundu.

Mjomba alilitazama. Nilitamani aongee kuhusu nguruwe, hata kwa sauti ya kwenye basi.

Mkutanoni

Keith, ambaye roho yake ilikuwa nzuri kuliko mikono yake, alisema ataomba msaada. Kwenye uwanja kulikuwa na turubai, na ndani yake watu kama thelathini, wazee wengi, kofia za kijani, mbwa chini ya viti. Walikuwa kwenye mkutano. Walisikia kwamba serikali inafikiria kupunguza risasi anazoweza kununua mtu na kuzihesabu moja moja, na hasira ilikuwa imewapanda. Nyuma ya mwenyekiti walikuwa wametundika kitambaa kirefu cheupe kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MSITUHESABIE RISASI ZETU.

Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu mwenye nywele masikioni. Keith alipomnong'oneza habari ya Mjomba, nilimwona akichangamka kama mtu aliyeokota shahidi.

"Marafiki!" akasema. "Huyu bwana ametoka Tanzania. Serikali yake inampa risasi nne kwa mwaka! Nne! Huku ndiko tunakopelekwa! Bwana, tafadhali, tuambie mateso yako."

Watu walishika mioyo. Mbwa mmoja akalia. Mjomba akapelekwa mbele, na mimi pembeni yake kama mkalimani. Nilishapiga hesabu: watu thelathini, mikono sitini, gunia moja. Tukiwafurahisha hawa, watatusaidia kutafuta. Tukiwaudhi, tunarudi Hounslow na kopo tupu.

Mjomba alikohoa.

"Waambie siteseki. Nne zinatosha. Mwaka waliponipa sita, nilipiga ovyo, nikaua mbuzi wa katekista."

Nikageukia watu. "Anasema ni vigumu sana."

Wakapiga makofi. Mjomba akanivuta mkono wa koti.

"Festo. Mimi nimesema mambo matatu. Wewe umesema moja, na hilo silo nililosema."

"Mjomba, tunahitaji msaada wao."

"Ndiyo. Msaada wa ukweli. Sema yote, nahesabu."

Unaweza kumdanganya mtu asiyejua lugha, lakini si asiyejua lugha anayehesabu. Nikayasema yote. Kwamba hateseki. Kwamba nne zinatosha. Na mbuzi.

Mwenyekiti akageuka kukitazama kitambaa chake. Kisha sauti kutoka nyuma ikauliza:

"Katekista alilipwa?"

"Mbuzi wawili," Mjomba akajibu. "Na maneno mengi."

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Mjomba akangoja kiishe.

"Sasa waambie hili, na usipunguze. Maganda yangu manne yako kwenye gunia lao. Yana nukta ya waridi kitakoni. Nisiporudi nayo, mwaka huu sina risasi. Mpunga si wangu peke yangu, ni wa kaya zote za bondeni. Nguruwe hawatangoja mkutano huu uishe."

Nikatafsiri neno kwa neno. Wa kwanza kuinuka alikuwa bibi mmoja mdogo, mweka hazina wao, mwenye buti za mpira na kucha zilizopakwa rangi ya waridi vizuri kuliko nilivyotarajia shambani.

"Nami nalima," alisema. "Tunamwaga wapi hilo gunia? Nyasi zimelowa."

Walitazamana. Hapakuwa na turubai la ziada. Kisha watu wawili, bila kuambiwa, wakapanda kwenye viti na kukifungua kile kitambaa. Wakakitandaza kwenye nyasi, maandishi juu, na gunia likamwagwa juu yake.

Nimeona mengi London, lakini sijaona tena kitu kama kile: wazee thelathini magotini juu ya maneno MSITUHESABIE RISASI ZETU, wakihesabu maganda. Mwenyekiti aliwagawa vikosi. Yaliyokwisha kutazamwa yaliwekwa kulia, kwa mafungu ya kumi kumi, maana bibi mweka hazina alikataa kazi ya kubahatisha. Nilimpenda papo hapo. Keith alitumia miwani yote miwili. Mjomba alitembea kati yao akitoa pole, na Consolata alikuwa ametufungia chapati asubuhi kabla ya kwenda kazini, tukazigawa, wakatupa chai na vimkate vyenye soseji ambavyo Mjomba alivila akivisifu kwa jina la chapati.

Nukta ya kwanza ilionekana mapema, watu wakashangilia. Ya pili na ya tatu ziliokotwa na mtu mmoja, akawa haongeleki. Ya nne ikakataa. Jua lilishuka, wengine wakaanza kutazama saa. Mwenyekiti hakutazama. Yeye aliyesema hakuna atakayemhesabia alikuwa amelala kifudifudi, tochi mdomoni, anachokoa nyasi kando ya kitambaa.

"Ipo!" akanguruma, tochi ikaanguka.

Mjomba alimwinua kwa mikono miwili, akamwita ndugu. Sikuhitaji kutafsiri.

Tungeondoka hapo kwa amani, lakini bibi mweka hazina alikuwa bado ameinama juu ya mafungu yake ya kumi kumi.

"Hebu ngoja," alisema. "Haya ni mengi kuliko visahani tulivyorusha msimu mzima. Nani amekuwa akipiga bila kuandikisha?"

Mmoja akamtazama mwenzake. Mwingine akasema yeye siye, kabla hajaulizwa. Waliokataa kuhesabiwa na serikali wakaanza kuhesabiana wenyewe, kwa sauti, mbwa wakishangilia. Hata hivyo bibi alituona tukinyata, akatukimbilia, akamrudishia Mjomba kopo lake, ambalo yeye bibi ndiye aliyelishika muda wote na kutia humo kila ganda lililopatikana. Akakonyeza.

"Mwambie," akaninong'oneza, "mwaka ujao wampe tano."

Nikacheka kwa adabu. Nilidhani ni maneno tu ya kuagana.

Kurudi

Tulimwamsha Njoroge. Akauliza kama duka lilikuwa wazi.

Tukiwa nyuma ya trekta, na naapa lilikuwa lilelile, Mjomba alifungua kopo ayahesabu. Akayahesabu. Akanipa. Nikayahesabu, nikarudia.

Yalikuwa matano. Yote mekundu, yote yana nukta ya waridi.

Maisha yangu yote nimeomba nyongeza. Nimeiomba kwenye nyanya, kwenye vitenge, kwenye simu za mitumba. Hii ya kwanza kupewa bila kuomba ilitosha kumfunga mjomba wangu. Maana ukimpelekea afande maganda matano wakati alikupa risasi nne, utamweleza nini kuhusu la tano? Kwamba bibi mmoja wa Kiingereza amekuonea huruma?

"Tupa moja dirishani," akasema Njoroge.

"Lipi?" akauliza Mjomba.

Hapo Njoroge naye akarudisha macho barabarani. Afande aliyepaka kwa mkono wake angeijua rangi ya mkewe. Tukiacha la kweli tukapeleka la bibi, tumeharibu kila kitu. Mjomba aliyanusa moja moja. Mimi nikayagusa vitako, moja moja. La tatu likanishika kidole. Rangi ilikuwa haijakauka.

Hilo ndilo lililobaki kwangu. Nilifika Kilburn usiku, mke wangu akafungua mlango, na kabla ya salamu akaona kidole changu.

"Festo. Hiyo ni rangi ya kucha ya nani?"

"Ya bibi mmoja, mweka hazina. Nieleze?"

"Eleza."

Nilieleza. Alinitaka nirudie, akawa analinganisha. Kisha akachukua ganda, akalisimamisha kwenye dirisha la jikoni, akatia vijiti vya meno ndani. Anasema ni kwa ajili ya vijiti. Mimi nadhani anataka liwe mahali anapoliona.

Mjomba alipiga simu baada ya kufika kwake. Afande aliyapokea manne, akayahesabu mara mbili, akayageuza kila moja kwenye mwanga, akampa kibali.

"Nguruwe walikuja usiku uleule," Mjomba alisema. "Nimepiga moja."

"Ukampata?"

"Nimemkosa. Lakini usiwe na wasiwasi, ganda nimelipata."

Nyuma yake nilisikia kopo likifungwa.